Shilingi 38,000 na moto wa makaa

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, simama pale Dunga, ufukweni Kisumu, uangalie Ziwa Victoria. Utaona taa zimetawanyika juu ya maji, nyingi, mpaka mgeni anaweza kudhani kuna mji ng'ambo. Ni wavuvi wa omena, yaani dagaa. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo wavuvi huwasha taa, wakaziacha zielee, wakangoja samaki wakusanyike chini yake, ndipo wavu uteremshwe. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulala, kwa sababu ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi haimvuti samaki tena.

Nimeuza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwa miaka mingi. Nimewapima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, nimewapepeta mchanga, nimerudi nyumbani na harufu yao kwenye leso na kwenye nywele. Watoto wangu wamekula, wamevaa na wamesoma kwa omena. Na ni kwa omena hao hao nilipoanguka vibaya kuliko nilivyowahi kuanguka tangu niokoke. Imenichukua miaka saba kuweza kuyaandika haya bila kusimama katikati.

Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, upande wa Manyatta. Tulikuwa tunachanga tununue hema na viti vya plastiki mia moja, tuvikodishe. Anayekaa Kisumu anajua biashara hiyo haikosi wateja, maana wiki haiishi bila matanga. Kila Alhamisi kila mama alileta alichonacho: mia, mia mbili, hamsini. Niliandika jina na kiasi kwenye daftari la kurasa mia mbili, na pesa nikaziweka kwenye simu yangu. Hatukuwa na akaunti ya benki. Tulikuwa tunaaminiana. Kufikia Novemba zilikuwa zimefika shilingi 64,000.

Novemba hiyo mume wangu alikuwa amekaa miezi mitatu bila kazi ya mjengo. Kijana wetu mkubwa alikuwa amefanya mtihani wa darasa la nane, na Januari ilikuwa inakuja na karo, sare, godoro, sanduku, viatu. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, nakaa kitandani nikipiga hesabu, na hesabu zote zilikuwa zinaishia mahali pamoja. Kifua kilikuwa kinabana mpaka nafungua dirisha. Asubuhi naenda sokoni nikiimba pambio. Jumapili nasimama kutoa ushuhuda: Bwana asifiwe, Mungu ni mwema. Watu wananijibu, wakati wote! Na nilikuwa nalisema kutoka moyoni. Sikuwa naigiza. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wengi hufikiri aliyeanguka alikuwa mnafiki tangu mwanzo.

Usiku mmoja nilipiga magoti kando ya kitanda, simu mkononi. Nikasema: Bwana, wewe unaujua moyo wangu. Bariki kazi hii, nitazirudisha zote kabla ya Krismasi. Kisha nikatoa 38,000 kwenye pesa za akina mama.

Mnaona nilivyofanya. Nilichukua kisicho changu, nikakipeleka kwa Mungu anitakasie, na nilipoinuka pale magotini nilihisi amani. Niliiita imani. Tumezoea kusikia mimbarini kwamba anayeamini huchukua hatua, hangoji mpaka aone njia yote, na ni kweli. Lakini hofu nayo huchukua hatua, tena haraka mno, na ukiiangalia kutoka nje huwezi kuitofautisha na imani. Inafunga safari, inatoa pesa, hata inaomba kabla ya kuondoka. Laiti mtu angeniambia hivyo usiku ule.

Nilipanda matatu hadi Bondo, kisha Usenge, ufukweni mwa ziwa. Nilinunua omena wabichi kwa makarai, usiku tatu mfululizo, kwa sababu wabichi bei yake ni rahisi, na ukiwakausha mwenyewe ukawaleta Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limejaa, faida inaonekana. Jua likiwa kali siku moja inatosha kukausha. Unawatandaza juu ya nyavu kuukuu mchangani, unawageuza, unafukuza ndege na kuku, na jioni wanalia kwenye mkono kama majani makavu.

Siku ya kwanza jua liliwaka. Siku ya pili, saa nane mchana, upepo ukabadilika kutoka ziwani.

Mimi ni mzaliwa wa Bunyore, Vihiga. Kwetu kuna ukoo wa Nganyi, watu ambao tangu zamani wanasoma dalili za mvua kwa miti, wadudu na upepo, hata wataalamu wa serikali wa hali ya hewa wamekaa nao chini kulinganisha utabiri. Nimekua nikisikia wazee wakizungumza habari za mawingu kama wengine wanavyozungumza habari za ng'ombe. Na siku hiyo sikuinua macho. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Mungu afanye nini, na niliona kuangalia mawingu ni kumtilia shaka.

Ilinyesha mchana huo, ikanyesha usiku, ikanyesha kesho yake. Tulikimbia na maturubai, tukawakusanya, tukawatandaza tena, ikanyesha tena. Omena waliolowa mara ya pili hawaponi. Rangi ya fedha inaondoka, wanakuwa wekundu wekundu, tumbo linapasuka, na harufu inageuka kuwa kitu ambacho huwezi kukiweka mbele ya mteja. Siku ya tano alikuja mnunuzi wa chakula cha kuku. Hakujadili sana. Nilirudi Kisumu na shilingi 7,500.

Kwenye matatu nilikaa karibu na dirisha, mvua ikiendelea kuteremka kwenye kioo, nikawa namwambia Mungu sentensi moja tu: mbona umeniacha? Nilikuwa nimekasirika naye. Ilipita muda mrefu kabla sijaona kwamba hakuwa ameniahidi chochote kuhusu pesa zile.

Miezi minne iliyofuata sitaieleza yote. Kila Alhamisi mwenyekiti aliuliza, mweka hazina, tumefika wapi? Nami nikasoma kwenye daftari: elfu sitini na nne, elfu sitini na sita, sitini na saba. Daftari lilikuwa sahihi kabisa. Simu ndiyo iliyokuwa inasema ukweli. Walipotaka twende kuviona viti nilisema tungoje, bei itashuka baada ya sikukuu. Nikaomba maombi ya kufunga mkutano. Niliweza kuomba kwa sauti mbele ya watu thelathini, lakini nyumbani peke yangu sikuweza kusema hata Baba yetu. Nikipiga magoti naiona ile simu. Zile 7,500 sikuzigusa. Krismasi ilipita tukila sukuma na ugali, na pesa ziko pale, kwa sababu nilikuwa naziogopa.

Kijana wetu alipata barua ya shule ya bweni. Hakwenda. Alianza shule ya kutwa ambayo angeweza kuifikia kwa miguu. Kwa hiyo jambo nililoiba ili kulizuia lilitokea vilevile, na anga haikuanguka. Alilia siku mbili, siku ya tatu akapata rafiki wa kwenda naye.

Hofu ya karo ilikuwa imekwisha, basi, kwa njia hiyo. Ile iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza: hofu ya kujulikana. Nilikuwa tayari kumwachia Mungu karo, ugonjwa, mvua, hata kifo, kwa sababu hayo yakimpata mtu, watu humwonea huruma. Jina langu sikuwa tayari kumwachia. Jina langu nilikuwa nalilinda mwenyewe, kwa mikono miwili.

Machi ilikuwa zamu yangu kuongoza somo katika ushirika wa nyumbani. Nilipewa Yohana 21. Nilidhani nimepewa sura rahisi. Habari za wavuvi, mimi niliyezaliwa karibu na ziwa na kuolewa karibu zaidi, nitashindwaje? Nilikaa nje jioni kando ya jiko, omena wakichemka na nyanya, Biblia juu ya magoti, nikitafuta mambo ya kuwaambia watu. Nilikuwa nimeandika kwamba Ziwa la Galilaya ni dogo, urefu wake kama kilomita 21 na upana kama 13, kwamba Ghuba ya Winam, kipande tu cha ziwa letu, peke yake ingelimeza mara kadhaa, na bado Petro na wenzake waliogopa mawimbi yake. Nilikuwa nimeandika kwamba nao walivua usiku, kama vijana wetu, wakakesha na wasipate kitu.

Nikafika mstari wa tisa. Waliposhuka pwani wakaona moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate.

Moto wa makaa. Nilijua nimeyaona maneno hayo mahali. Nikarudi nyuma kurasa chache, Yohana 18, usiku wa kukamatwa. Watumishi wamewasha moto wa makaa kwa sababu ya baridi, na Petro amesimama nao akiota. Usiku ule aliulizwa mara tatu kama ni mwanafunzi wa Yesu, mara ya kwanza mlangoni, kisha pale kwenye moto, akakana.

Sijui kama wahubiri wamelihubiri hili mara nyingi. Mimi nilikuwa sijalisikia. Nilikuwa nimekaa na jiko langu, moshi wa makaa ukinijia usoni, na nikaelewa kwa pua kabla sijaelewa kwa akili. Anayepika kwa makaa anajua harufu ile haimtoki mtu. Petro alipotoka majini siku ile amelowa, harufu ya kwanza iliyompata ni ya usiku ule alioshindwa. Na aliyeuwasha moto ni Yesu mwenyewe. Angeweza kumngojea mlimani, au barabarani. Alimngojea kwenye moto, na samaki tayari ameiva, akasema njoni mfungue kinywa.

Kwanza wakala. Hilo nalipenda sana. Watu walikuwa wamekesha, wana njaa, na Bwana hakuanza maongezi magumu na mtu mwenye njaa. Baada ya kula ndipo akamuuliza, mara tatu, wanipenda? Hakumuuliza kwa nini ulinikana, wala hakumwapisha asirudie. Lakini msije mkadhani ilikuwa rahisi. Biblia inasema Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Bwana aliligusa mahali penyewe linapouma, mara tatu, kwa hesabu ile ile, na kila jibu akalipa kazi: lisha, chunga, lisha. Nimewasikia wengine wakisema Mungu akisamehe anasahau, kwa maana kwamba hatalitaja tena. Mimi naona pale pwani alilitaja, bila kulitaja, mpaka likaisha.

Somo sikuliongoza. Nilituma ujumbe kwamba naumwa, na ulikuwa uongo mwingine, wa mwisho katika mfululizo ule.

Usiku huo nilimkumbuka nyanya yangu. Alikuwa mtu wa ule uamsho ulioanza Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu Kenya, wale watu waliokuwa wakiimba Tukutendereza wakikumbatiana, wakisema wanatembea katika nuru. Kwao kuokoka kulikuwa na miguu. Mtu akiokoka anarudisha jembe la jirani, analipa deni la kuku, anakwenda kwa mama mkwe kusema nilikusengenya. Nyanya alitusimulia mara nyingi jinsi alivyotembea kutoka Bunyore hadi upande wa Maseno, mjamzito, kurudisha sahani mbili za bati alizozichukua nyumba aliyokuwa akifanya kazi akiwa msichana. Miaka sita ilikuwa imepita. Sahani zilikuwa zimeshapasuka rangi. Mwenye nyumba alicheka akamwambia abaki nazo, nyanya akakataa, akaziweka mlangoni akaondoka.

Nilipokuwa mtoto hadithi hiyo iliniaibisha. Niliona ni mambo ya washamba, kutembea kutwa nzima kwa sahani mbili. Nilimuuliza siku moja, hukuogopa? Akasema, niliogopa njia nzima. Mguu mmoja ulikuwa unasema twende na mwingine unasema turudi. Akaendelea kumenya viazi.

Niliogopa njia nzima. Alikuwa ameniambia nikiwa na miaka kumi, na sikulichukua.

Nilianza na mume wangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, kwa hiyo ndiyo maana ulikuwa hulali. Hakusema jingine usiku huo, na mimi sikumlazimisha.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wetu. Ni mama mzee wa Kijaluo, mjane, anashona nguo nyumbani kwake, na kila mtu pale mtaani anamwita Mama tu. Nilimkuta kwenye cherehani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nilipofika yote yakapotea. Nikasema, Mama, pesa za viti hazipo zote. Nilichukua elfu thelathini na nane. Nilienda kununua omena, wakaharibika.

Cherehani ikasimama. Alivua miwani, akaiweka juu ya kitambaa, akaniangalia mpaka nikaangalia chini. Nilingoja aniambie Mungu anasamehe. Alisema, "Nyathina, mwanangu, miezi minne ulikuwa unatuombea ukijua?"

Nikasema, ndiyo, Mama.

"Ulikuwa unafunga mkutano kwa maombi."

Ndiyo, Mama.

Alikasirika. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akikasirika. Alinyamaza tena. Mwishowe akasema tutakwenda wote Alhamisi, utawaambia kama ulivyoniambia, na mimi nitakaa karibu na wewe. Akanipa chai. Nilishindwa kuinywa, akasema kunywa, nikanywa.

Alhamisi saa nane niliwaambia. Sikulia, nilikuwa nimeomba nisilie, kwa sababu nilijua nikilia watanihurumia haraka, na halitakuwa limekwisha. Baadhi walilia wao. Wengine walikasirika, na mmoja, mama anayepika mandazi, alisimama akasema maneno ambayo bado nayasikia: "Mimi nilikuwa nalala njaa Jumatano ili nilete mia mbili Alhamisi." Akachukua mkoba akatoka. Sikuwa na la kumjibu na hata leo sina. Nilifikiri nimechukua pesa za kikundi. Nilikuwa nimechukua Jumatano zake.

Waliniondoa kwenye uweka hazina siku hiyo hiyo, na walifanya vizuri. Walifungua akaunti ya benki yenye sahihi tatu, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Kuaminiana si sababu ya kumwacha mtu mmoja na pesa za watu thelathini kwenye simu yake, hasa mtu mwenye shida. Kikundi kinachompenda mweka hazina wake kimpunguzie mzigo huo. Nawaambia wapendwa wenye vikundi kama chetu, fanyeni hivyo wiki hii.

Zile 7,500 nilizirudisha pale pale. Zilibaki 30,500. Tulikubaliana 2,500 kila mwezi. Mwezi wa kwanza alizitoa mume wangu, kutoka kwenye kazi ya wiki mbili aliyoipata upande wa Mamboleo, bila kuniambia neno, aliziweka tu juu ya meza. Mara mbili nilichelewa, na nilikwenda mwenyewe kusema nimechelewa, kwa miguu, moyo ukinidunda. Miezi kumi na miwili. Mwezi wa kumi na tatu nilipeleka shilingi 500 zilizobaki, noti moja, na mweka hazina mpya akaniandikia risiti kama alivyoniandikia zote.

Viti vilichelewa mwaka mzima na zaidi kwa sababu yangu. Katika mwaka huo tulizika watu, tukakodi viti kwa wengine, na kila mara nilipovibeba kuvipanga nilijua gharama ile imetoka wapi.

Wakati wa miezi ile watu walikuwa wananiuliza, wengine kwa wema, kama sasa nimepata amani. Ningependa kusema ndiyo. Kulala nilianza kulala, hilo ni kweli, tangu usiku ule niliotoka kwa Mama. Lakini hofu haikuondoka. Iko hata sasa. Naamka saa tisa bado, si kila siku. Wakati mwingine ni karo ya mdogo, wakati mwingine ni uvimbe ambao daktari alisema si kitu, wakati mwingine ni kuogopa tu kwamba nitaanguka tena, kwa kuwa sasa najua ninavyoweza kuanguka huku nikiomba. Kwa miaka mingi nilidhani hofu ni ushahidi kwamba simwamini Mungu, kwa hiyo nikawa naificha, kwake na kwa watu, na huko mafichoni ndiko ilikopata nguvu.

Zaburi ya 56 ina mstari mfupi ambao nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuusikia. Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe. Daudi, anayetajwa kuwa ndiye mwenye zaburi hiyo, hakuandika siku hofu itakapokwisha. Aliziweka zote mbili siku moja. Na yule baba katika Marko 9 aliyemleta mtoto wake mgonjwa alilia akasema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na Yesu hakumwambia nenda kwanza ukamalize kutokuamini ndipo urudi. Mtoto aliponywa siku hiyo hiyo, kwa imani iliyokuwa nusu.

Hata Petro, alipokuwa anazama, hakuwa na maombi mazuri. Bwana, niokoe. Ndiyo yote. Mara nyingi tunamlaumu kwa kuzama, sisi tuliokaa mashuani. Mimi nimekaa na wavuvi, najua jinsi mtu anavyopiga kelele maji yakimfika kidevuni, haombi, anaita. Na Biblia inasema mara Yesu akanyosha mkono. Mara. Kukemewa kuhusu imani haba kulikuja baadaye, mkono ukiwa tayari umeshika.

Yule mama wa mandazi alirudi kikundini baada ya miezi miwili. Ananisalimia, kwa mbali, na kuketi upande mwingine. Niliwahi kumwendea nyumbani kuomba msamaha peke yake, akaniambia amesikia. Hajaniambia amesamehe na sijamuuliza tena. Ni haki yake kuchukua muda anaouhitaji, na nikikutana na mtu anayemsukuma kwamba Mkristo lazima asamehe mara moja, namwomba amwache.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Mama aliniita baada ya ibada. Akasema aliyekuwa anasimamia viti anahamia Nakuru kwa mwanawe, na kikundi kimekubaliana nichukue daftari la viti. Nilimwambia, Mama, mpeni mwingine. Akasema, tumeshazungumza, na hata yeye alikubali, akaelekeza kidevu upande wa yule mama wa mandazi, aliyekuwa anafunga leso na hakutuangalia. Nilichukua daftari. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nikalishika kwa miwili.

Matanga ya kwanza yalikuwa Nyalenda, watu wengi, mvua ikanyesha jioni, kila mtu akikimbilia baraza akiwa na kiti. Vilirudi usiku kwa mkokoteni. Nilivihesabu kwa tochi ya simu, nikavipanga kumi kumi. Tisini na tisa. Nikahesabu tena. Nikamwamsha mume wangu akahesabu yeye. Tisini na tisa.

Ile hofu ikaja yote, kama ilivyokuwa, kifua, dirisha, mahesabu. Kiti kimoja kinauzwa pesa ambazo ningeweza kuzipata kesho sokoni. Ningenunua kingine cha rangi ile ile kabla jua halijapanda na hakuna ambaye angejua kamwe. Nilisimama pale uani na simu mkononi, saa nne usiku, kwa muda ambao sikuupima.

Nikampigia. Nikasema, Mama, samahani kwa saa hizi. Kiti kimoja hakipo.

Nilimsikia akigeuka kitandani. "Kimoja?"

Ndiyo, Mama. Viko tisini na tisa.

"Haya," akasema. "Umeandika?"

Nikasema nimeandika.

"Basi nenda ulale, nyathina."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalala.